Bunduki ya Bei Nafuu Hupimwa Pamoja na Risasi Zake

Nchini Marekani mtu anaweza kuwa na bunduki aliyoinunua nusu nusu. AR-15, bunduki iliyoenea kule kuliko nyingine zote za jamii yake, imegawanyika sehemu mbili zinazoshikwa pamoja na pini mbili tu. Sehemu ya chini ina triga, kitako na mahali pa kuchomeka magazini. Sehemu ya juu ina mtutu, bolti na kibeba bolti, bomba la gesi na mkono wa kukokia. Kwa sheria ya silaha ya mwaka 1968, na jinsi inavyosimamiwa na idara ya ATF, sehemu ya chini ndiyo silaha: ndiyo yenye namba, na ndiyo inayomlazimu mnunuzi kukaguliwa kabla ya kukabidhiwa dukani. Sehemu ya juu, yenye mtutu unaopitisha risasi, katika majimbo mengi inauzwa kama kipuri na kuletwa nyumbani kwa posta.

Mpangilio huo umezaa biashara kubwa. Hati miliki za Eugene Stoner, aliyeibuni bunduki hii katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, zilikwisha muda wake zamani, na karakana yoyote yenye mashine nzuri za kukereza chuma inaweza kutengeneza vipuri vinavyoingiliana na vya karakana nyingine. Ndiyo maana sehemu ya juu iliyokamilika hupatikana kwa dola 300 au chini ya hapo, huku ile ya kampuni yenye jina ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mnunuzi wa ile ya bei nafuu huenda kwenye uwanja wa shabaha, akapiga magazini mbili tatu za risasi alizozikuta dukani, na pasipokwama kitu hurudi akitangaza kwamba amepata mali kwa robo ya bei.

Huenda kweli amepata. Vipuri vingi vya bei nafuu ni vizuri, na vya bei ya juu navyo huharibika. Ninachotaka kueleza ni kwa nini tangazo lake halina uzito, na jaribio lenye uzito lingekuwaje. Kutegemeka ni sifa ya bunduki ikiwa pamoja na risasi fulani, magazini fulani na hali fulani ya siku. Ukibadilisha kimojawapo, umepata mashine nyingine ambayo bado hujaipima.

Tuingie ndani ya chuma chenyewe. Fataki iliyo kitakoni mwa risasi ikigongwa, baruti huwaka na kugeuka gesi. Kiwango cha juu kilichowekwa na taasisi ya SAAMI kwa risasi ya .223 Remington ni pauni 55,000 kwa kila inchi ya mraba. Nguvu hiyo hukisukuma kichwa cha risasi mbele, na papo hapo hulitanua ganda mpaka likagandamana na kuta za chemba, gesi isipate njia ya kurudi nyuma. Kichwa kinapopita chini ya tundu dogo lililotobolewa kwenye mtutu, gesi kidogo hupenya humo, husafiri kwenye bomba jembamba kurudi nyuma na kuingia kwenye kibeba bolti. Kibeba bolti husukumwa nyuma, bolti huzunguka na meno yake saba yakaachana na mtutu. Ukucha hulivuta ganda kutoka chemba, kisukumio hulirusha nje, springi iliyo ndani ya kitako hubanwa. Springi ikifyatuka hurudisha kila kitu mbele, na bolti ikiwa njiani huchota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukumia chemba. Yote hayo huisha kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita.

Mlolongo huo unategemea muda na kiasi. Gesi ikiwa haba, kibeba bolti hakifiki nyuma kabisa: ganda halitoki vizuri, au linatoka lakini bolti inarudi bila kuchota risasi nyingine. Gesi ikizidi, bolti huanza kufunguka wakati ganda bado limebana chemba. Ukucha hurarua ukingo wa ganda au huteleza na kuliacha ndani. Hata ganda likitoka, bolti inaweza kurudi mbele kwa kasi kiasi kwamba springi ya magazini haijawahi kuinua risasi inayofuata. Bunduki inakwama kwa sababu mbili zinazopingana, na mpigaji asiyejua atadhani ni tatizo moja.

Je, ni nani anayeamua kiasi cha gesi? Mtengenezaji wa mtutu huchagua kipenyo cha tundu na umbali wake kutoka chemba. Lakini msukumo utakaokuwepo wakati kichwa cha risasi kinapopita pale huamuliwa na kiwanda cha risasi: aina ya baruti, kasi ya kuungua kwake, uzito wa kichwa. Mabwana wawili, kila mmoja kwenye kiwanda chake, wanaendesha mashine moja bila kuonana.

Mtengenezaji wa bei nafuu analijua hilo vizuri. Anajua kwamba mteja wake atanunua pia risasi za bei nafuu, ambazo mara nyingi hupakiwa baruti kwa kiasi cha chini. Bunduki isiyozungusha risasi dhaifu itarudishwa kesho yake. Bunduki yenye gesi kupita kiasi haitarudishwa, kwa sababu itafanya kazi. Madhara yake, yaani bolti kuchoka mapema, ukingo wa ganda kuraruka, vipuri kulegea, yataonekana baada ya muda mrefu. Kwa hiyo baadhi yao hutoboa tundu kubwa kuliko inavyohitajika. Tundu la karabini M4 ya jeshi la Marekani lina kipenyo cha kama milimita 1.6. Ukilipanua hadi milimita 2, tofauti isiyoonekana kwa macho, eneo la kupitisha gesi limeongezeka kwa asilimia 56. Mimi naiona hii kuwa siri muhimu kuliko zote za sehemu za juu za bei nafuu, nayo haionekani kwenye picha wala kwenye orodha ya vipimo inayobandikwa na muuzaji.

Mengine anayopunguza ili bei ishuke ni rahisi zaidi kuyaona. Bolti ya kijeshi hupigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita kawaida, kisha huchunguzwa kwa sumaku na unga wa chuma kutafuta nyufa, moja moja. Ya bei nafuu huweza kuchunguzwa chache kwa niaba ya fungu zima, au zisichunguzwe kabisa. Skrubu mbili zinazoshikilia mdomo wa gesi juu ya kibeba bolti zinatakiwa zigongwe pembeni ili chuma kizibane zisifunguke. Mara nyingine zimegongwa kwa kuguswa tu, na zikilegea gesi huvuja na bunduki huanza kukwama polepole. Chemba huenda haina kromu, au ina mikwaruzo iliyoachwa na kekee. Kasoro hizi zote zinaweza kujificha kabisa mbele ya risasi nzuri na kujitokeza mbele ya risasi mbaya, na kwa sababu hiyo kupima kwa risasi za aina mbalimbali kuna maana.

Risasi zenyewe hutofautiana kwa mambo ambayo boksi halisemi waziwazi. M193, ya kijeshi tangu enzi za Vietnam, ina kichwa cha kama gramu 3.6 na hupakiwa kwa nguvu. M855, iliyotokana na SS109 ya Ubelgiji ambayo NATO iliifanya kipimo chake mwaka 1980, ina kichwa cha gramu 4 chenye kipande cha chuma ndani. Za mashindano huwa na kichwa kirefu cha gramu 5. Halafu ziko za mazoezi, zilizoandikwa .223 Remington, ambazo kwa nje zinafanana kabisa na 5.56 ya NATO lakini nyingi hupakiwa kwa upole. Chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya ganda kabla kichwa hakijagusa mifereji ya mtutu. Ndiyo sababu SAAMI haishauri kupiga 5.56 kwenye mtutu wenye chemba ya .223, maana msukumo unaweza kupanda kupita kiwango. Kinyume chake ni salama. Bill Wylde alibuni chemba ya kati, inayoitwa .223 Wylde, inayopokea zote mbili, na leo sehemu nyingi za juu hutobolewa kwa kipimo hicho.

Inayowapa watu taabu zaidi ni risasi yenye ganda la chuma. Shaba ya manjano ina tabia ya kutanuka na kisha kunywea mara msukumo unaposhuka, hivyo hubana chemba wakati inapotakiwa na kuachia wakati inapotakiwa. Chuma hakitanuki kwa wepesi huo. Gesi na masizi hupita pembeni mwa ganda na kuichafua chemba, na ganda likishabana halilegei kwa hiari.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atauliza, na swali lake ni la haki: mbona AK, ambayo askari na mgambo wetu wameibeba miaka yote, hula maganda ya chuma bila malalamiko? Jibu limo kwenye umbo la ganda. Ganda la risasi ya AK, 7.62×39, limechongoka waziwazi kutoka kitakoni kwenda shingoni. Likivutwa nyuma hata kidogo, limeachana na kuta zote za chemba kwa mara moja. Ganda la 5.56 limenyooka karibu kama bomba, na linaendelea kusuguana na chemba kwa sehemu kubwa ya safari yake ya kutoka. Risasi ya AK ilibuniwa na kuzoeshwa ganda la chuma. Ya AR-15 ilibuniwa kwa shaba. Anayesema bunduki moja ni ngumu na nyingine ni laini bila kutaja maganda ameruka nusu ya habari.

Mwaka 2013 wauzaji wa risasi wa Lucky Gunner waliwahi kufanya jambo ambalo watu binafsi hawana fedha za kulifanya: walichukua bunduki za Bushmaster na kupanga kila moja ipigwe risasi 10,000 za aina yake, moja ikila shaba ya Federal na nyingine zikila maganda ya chuma kutoka Urusi. Ile ya shaba ilimaliza bila kukwama. Za chuma zilikwama hapa na pale, na moja ilishindwa kabisa kuendelea na risasi yake kwa sababu ya maganda kunasa. Lakini lililonigusa zaidi ni mitutu. Vichwa vya risasi zile za Kirusi vina ganda jembamba la chuma chini ya rangi ya shaba nyekundu, na mitutu iliyovipitisha ilikwisha mapema mno ikilinganishwa na ile ya Federal. Bunduki ikiendelea kufyatua huku shabaha imepotea, je, imefaulu au imeshindwa? Inategemea uliuliza nini kabla ya kuanza. Tangu Septemba 2021, baada ya Marekani kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, maganda ya chuma yamekuwa adimu zaidi kule, lakini hayajatoweka, na mwenye akiba ya zamani bado anayapiga.

Kuna kisa ambacho kila anayetaka kupima bunduki kwa risasi mbalimbali anapaswa kukijua kwa undani, nacho ni cha M16, AR-15 ya kijeshi.

Stoner aliiendeleza bunduki yake kwa baruti ya vijiti vidogo, na baruti ya DuPont iitwayo IMR 4475 ndiyo iliyotumika ilipopimwa mwanzoni. Colt ilinunua haki za bunduki hiyo mwaka 1959. Jeshi la nchi kavu lilipoagiza bunduki 85,000 mwaka 1963, wakati Robert McNamara akiwa Waziri wa Ulinzi, liliweka masharti mawili kwa risasi: kasi ya futi 3,250 kwa sekunde, na msukumo usiopita kiwango fulani ndani ya chemba. Ilionekana kuwa IMR 4475 haiwezi kutimiza yote mawili kwa uhakika katika uzalishaji mkubwa. Mwaka 1964 jeshi likaruhusu baruti nyingine, WC846 ya kampuni ya Olin, ambayo ni punje za mviringo na ambayo jeshi lilikuwa tayari linaitumia kwenye risasi zake kubwa za 7.62.

Msukumo ndani ya chemba ulikuwa ndani ya kiwango. Kasi ilifikiwa. Kwenye karatasi, risasi ilikuwa ileile. Lakini WC846 iliungua kwa mpangilio tofauti, na kichwa kilipofika kwenye tundu la gesi, msukumo pale ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao bunduki ilibuniwa kuupokea. Bolti ikaanza kufunguka mapema na kwa nguvu. Bunduki zilizotakiwa kupiga kati ya risasi 650 na 850 kwa dakika zikavuka kiwango hicho. Zaidi ya hapo, baruti hiyo ilikuwa na kalsiamu kabonati, iliyowekwa ili kutuliza asidi, na ikiwa nyingi iliacha ukoko mgumu ndani ya bomba la gesi na kwenye bolti.

Colt ikajikuta kwenye hali ngumu. Kabla bunduki hazijapokewa na jeshi zilitakiwa kufaulu jaribio la kasi ya kufyatua, na kwa risasi za baruti mpya nyingi zilikuwa zikivuka. Suluhisho lililoruhusiwa ndilo linalonihuzunisha kila ninapolisoma: Colt iliruhusiwa kufanya jaribio la kupokelewa kwa risasi zenye baruti isiyo ile ya punje. Bunduki zikafaulu. Zikapakiwa kwenda Vietnam, ambako zilikutana na mamilioni ya risasi zenye WC846.

Kule zilikuta pia unyevu. Chemba hazikuwa na kromu, ingawa jeshi hilohilo lilikuwa na uzoefu wa miaka wa kuweka kromu kwenye silaha zake nyingine. Kutu ilichimba vishimo kwenye chemba, ganda likatanukia ndani ya vishimo hivyo, na bolti yenye haraka ikajaribu kuling'oa. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na habari ilienea kwamba bunduki hii mpya haihitaji kusafishwa sana. Vikosi vya wanamaji vilipokea M16 katika miezi ya kwanza ya mwaka 1967, na katika mapigano ya vilima karibu na Khe Sanh majira hayo, askari walikutwa wameuawa bunduki zao zikiwa zimefunguliwa au fimbo ya kusafishia imeingizwa mtutuni, wakijaribu kulitoa ganda lililonasa.

Mei 1967 Bunge la Marekani liliunda kamati ndogo chini ya Richard Ichord wa Missouri, na Oktoba mwaka huo ikatoa ripoti kali, ikiilaumu hatua ya kubadili baruti bila kujaribu vya kutosha na kuwalaumu waliojua wakakaa kimya. Marekebisho yalikuja kwa mafungu: bafa nzito zaidi ya kupunguza kasi ya bolti, kromu kwenye chemba, vifaa vya kusafishia, kijitabu cha matunzo kilichochorwa na msanii wa katuni Will Eisner, na baadaye kiwango cha kalsiamu kabonati kwenye baruti kikapunguzwa. Bunduki ileile iliyolaaniwa ikaja kuwa ya kutegemewa, na jeshi limeibeba yenyewe na watoto wake kwa zaidi ya miaka 50.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama habari ya bunduki mbaya iliyotengenezwa upya. Mimi naona ni habari ya jaribio. Bunduki ilipimwa kwa risasi moja na kutumwa vitani na nyingine, na kipimo kilichotumika kuthibitisha kuwa risasi hizo mbili ni sawa, yaani kasi na msukumo wa chemba, hakikuangalia mahali pale hasa ambapo bunduki ilikuwa inahisi tofauti.

Sasa tumrudie mnunuzi na magazini zake tatu. Magazini tatu za risasi 30 ni risasi 90. Watakwimu wana kanuni fupi kwa hali kama hii: ukipiga risasi kadhaa bila kukwama hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya risasi, na jibu ni kiwango cha kukwama ambacho bado huwezi kukiondoa kwa uhakika wa asilimia 95. Tatu kwa 90 ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Maana yake, baada ya siku yake nzuri, hawezi kukataa kwamba ana bunduki inayokwama mara moja katika kila magazini.

Tulitazame kwa upande mwingine. Chukua bunduki mbaya kweli, inayokwama kwa asilimia 1. Kwa kila magazini ya risasi 30, uwezekano wa kukwama angalau mara moja ni asilimia 26. Hakuna askari wala mlinzi wa wanyamapori atakayekubali kuibeba. Hata hivyo, katika bunduki kumi za namna hiyo, nne hivi zitamaliza risasi 90 bila tatizo lolote, na wenye nazo watazisifu kwa moyo safi. Ili kusema kwa uhakika huohuo kwamba kiwango cha kukwama kiko chini ya moja katika 1,000, unahitaji risasi 3,000 bila kukwama hata mara moja.

Na hapa wanaopima kwa risasi mbalimbali hujidanganya kwa njia yao wenyewe. Mtu anaweka mezani aina tano, anapiga 40 za kila aina, anajumlisha kuwa 200. Kama msimamo wangu kuhusu bunduki na risasi ni sahihi, hiyo si hesabu ya 200. Ni majaribio matano madogo ya risasi 40, na kila moja peke yake haliwezi kuondoa kiwango cha asilimia 7.5. Jaribio la namna hiyo lina faida moja tu, nayo ni kubwa: kukataa. Risasi ikikwama mara nne katika 40, umeshajua usichotaka kuwa nacho. Kukataa ni rahisi kwa risasi chache. Kuthibitisha ni ghali.

Kanuni hiyo ya 3 nayo inachukulia kwamba kila risasi ni sawa na iliyotangulia, na kwenye uwanja sivyo. Mtutu huongezeka joto, masizi huongezeka, mafuta hukauka. Mtu akipiga maganda ya chuma kwanza kisha akafuatisha shaba, ganda la shaba litatanukia ndani ya masizi yaliyoachwa na chuma na huenda likanasa, naye ataandika kwamba shaba ndiyo iliyokwama. Mpangilio wa risasi ni sehemu ya jaribio. Ama asafishe chemba kati ya aina na aina, ama arudie kwa mpangilio mwingine aone kama lawama inahamia kwingine.

Magazini ni mshirika anayesahaulika. Mwishoni mwa mwaka 2007 jeshi la Marekani lilipima aina nne za karabini ndani ya vumbi zito huko Aberdeen, Maryland, bunduki kumi za kila aina, risasi 6,000 kwa kila bunduki. M4 ilikwama mara 882 katika risasi 60,000. HK416 ilikwama mara 233, SCAR mara 226, XM8 mara 127. Vichwa vya habari vilichukua namba hizo na kwenda nazo. Wachache walisoma kwamba kati ya zile 882, mara 239 zilihesabiwa kuwa kosa la magazini, au kwamba jaribio jingine la vumbi mapema mwaka huohuo lilikuwa limeipa M4 idadi isiyofika nusu ya hiyo. Kama jeshi lenye maabara, wataalamu na risasi 60,000 linapata majibu yanayopishana kiasi hicho kwa bunduki ileile, mtu mwenye boksi nne mezani anapaswa kuzungumza kwa unyenyekevu.

Kwa sehemu ya juu kuna utata wa ziada: huwezi kuipima bila sehemu ya chini, na sehemu ya chini ndiyo yenye springi na bafa. Bafa ya kawaida ya karabini ina uzito wa gramu 85 hivi; ile iitwayo H2 inakaribia gramu 130. Badilisha hiyo tu, na sehemu ya juu iliyokuwa ikirarua maganda inaweza kutulia, au iliyokuwa ikifanya kazi na risasi dhaifu ikaanza kukwama. Fataki zisipowaka, kosa laweza kuwa la triga yenye springi laini iliyokutana na fataki ngumu za kijeshi, na sehemu ya juu haihusiki kabisa. Anayetoa ripoti bila kutaja bafa, springi na triga ametoa ripoti ya kitu ambacho msomaji hawezi kukipata dukani.

Kuna mambo mawili ambayo mpimaji mwenye mkoba mdogo anaweza kuyafanya na yakamfaa kuliko kuhesabu tu. La kwanza ni kupakia risasi moja tu kwenye magazini tupu na kuifyatua, kwa kila aina ya risasi, mara kadhaa. Bolti ikibaki nyuma kila mara, kibeba bolti kinafika mwisho wa safari. Ikijifunga mbele, gesi haitoshi kwa risasi hiyo, na amelijua kwa risasi chache kabla halijamkwamisha.

La pili ni kuokota maganda. Yalikoangukia ni habari: yakiruka mbele ya mpigaji, upande wa kulia, kwa kawaida bolti inakwenda kasi, yakianguka nyuma yake na karibu na miguu, inachechemea. Ganda lenyewe lina habari zaidi. Lishike kwenye mwanga utazame ukingo wa kitako. Alama ndogo ya ukucha ni ya kawaida. Ukingo uliopinda au kumeguka unasema ukucha ulivuta kabla ganda halijalegea. Kovu linalong'aa kitakoni, mahali metali laini ya ganda ilipobanwa kwenye tundu la kisukumio, linasema msukumo ni mkubwa au bolti imefunguka mapema. Ukipanga safu tano za maganda juu ya meza, safu kwa kila aina ya risasi, unaweza kuona bunduki moja ikiishi maisha matano, na ukajua ni risasi ipi inayoipa kazi nzito hata kama haikukwama hata mara moja. Ushahidi huo unapatikana kwa kila risasi, iliyokwama na isiyokwama, ndiyo maana naupa thamani kuliko hesabu ya kukwama yenyewe.

Gharama ndiyo inayowazuia watu. Risasi ya mazoezi ya ganda la shaba imekuwa ikiuzwa Marekani kwa karibu nusu dola katika miaka ya karibuni, kwa hiyo risasi 1,000 za aina moja tu zinapita bei ya sehemu ya juu inayopimwa. Simlaumu mnunuzi asiyeweza. Ninayemdai zaidi ni muuzaji. Kipenyo cha tundu la gesi anakijua, kwa sababu yeye ndiye aliyelitoboa. Aina ya chemba anaijua. Kama bunduki zake zilijaribiwa kabla ya kutoka kiwandani, anajua zilijaribiwa kwa risasi gani, ngapi, na kwa bafa ya uzito gani. Hayo yanaenea kwenye mistari minne ya karatasi inayowekwa ndani ya boksi, na kuyaandika hakumwongezei gharama yoyote ya chuma.